Waliochimba kwa Hofu

Mtu wa Karagwe akifika Marangu hajioni mgeni sana. Migomba ipo, kahawa ipo chini ya migomba, na nyumba zimejificha ndani ya shamba vilevile kama kwetu. Shamba hilo la nyumbani sisi tunaliita kibanja. Wenyeji wa mlimani wanaliita kihamba. Kahawa yetu kwa sehemu kubwa ni robusta, yao ni arabika. Na huo mtori wao, mzee mmoja wa kanisa tuliyesafiri naye aliuonja akasema kwa sauti kwamba kwetu ndizi zikifika hali hiyo ujue mpishi amesinzia. Wenyeji walicheka, nasi tukapumua.

Ilikuwa Agosti 2022. Tulikuwa watu kumi na wanne kutoka usharika ninaoutumikia upande wa Kyerwa: wazee wa kanisa, mwinjilisti, akina mama watatu wa idara ya wanawake, na mimi. Tulialikwa na usharika mmoja wa mlimani ambao mwaka uliotangulia waumini wake walikuja kwetu wakati wa mavuno. Basi dogo la kukodi lilitufikisha kwa siku mbili, tukalala Singida. Njia za kule nazijua kidogo kwa sababu nilisoma Mwika, kwenye chuo chetu cha Biblia na Theolojia, mwendo mfupi kutoka Marangu ukipita Mamba. Kwa hiyo wenyeji waliposema watatupeleka kuona mapango, nilielewa wanasema nini, ingawa wakati wa masomo sikuwahi kuingia. Mwanafunzi wa theolojia ana Kiyunani cha kumtosha, hatafuti giza jingine.

Tuliondoka nyumbani tukiwa na neno ambalo baraza la wazee lilishindwa kulimaliza. Nitalifikia.

Wengi tukisikia pango tunafikiri uwazi ndani ya jabali, kazi ya maji au ya moto wa volkano. Mapango haya ya Wachagga ni kazi ya mikono. Yapo Marangu na sehemu za jirani, na yalichimbwa kabla ya Wajerumani kufika, wakati mlima mzima ulikuwa hauna amani. Juu ya ardhi huoni kitu: kihamba cha kawaida, migomba, majani ya ng'ombe, na tundu ambalo siku hizi limejengewa paa na ngazi ili watalii wasivunje miguu. Ukishuka unaingia kwa kuinama, halafu kwa kuchuchumaa. Mtu mrefu kama mimi anasali bila kuambiwa. Udongo ule wa volkano ni mlaini kwa jembe lakini unasimama bila nguzo, na ukiumulika kwa simu unaona mahali chombo cha mchimbaji kilipopita, kovu kwa kovu, kama kuta zimekwanguliwa jana.

Kijana aliyetuongoza alituonyesha vyumba. Hiki cha watu kulala. Hiki cha ng'ombe na mbuzi, maana Mchagga hakukubali kuokoka peke yake akiacha mifugo. Hapa palikuwa jiko, na tundu hili lilipitisha hewa. Kuna njia iliyokwenda kutokea upande wa bonde la mto, ili waliomo wasizibwe humo kama panya. Udongo uliochimbwa haukuachwa ukarundikana mlangoni. Ulibebwa ukamwagwa mtoni, maji yakauchukua, kwa sababu kichuguu kipya cha udongo kingemwambia adui kila kitu. Nilijaribu kupiga hesabu ya vikapu vingapi vilitoka mle, nikaacha.

Isidhaniwe kwamba walijifunza kuchimba siku ile hatari ilipokuja. Wachagga walikuwa mafundi wa udongo tangu zamani. Mifongo yao, ile mifereji inayochukua maji kutoka kwenye korongo la mto na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, iliwashangaza wageni wa kwanza kutoka Ulaya, na mingine ina maji hadi leo. Mamba, hapo jirani, ni kwa wahunzi. Jembe walikuwa nalo na akili ya kusoma mteremko walikuwa nayo. Hofu iliwakuta tayari wana ufundi.

Karibu na mlango, kijana alisimama kwenye kijichumba cha pembeni kinachomtosha mtu mmoja. Hapa, alisema, alikaa mlinzi na rungu. Mtu akiingia alitanguliza kichwa, maana mlango haumruhusu kuingia namna nyingine. Mlinzi aliuliza neno. Mwenye kulijua alipita. Asiyelijua hakupita, na maiti yake ilikwenda mtoni ulikokwenda udongo.

Kikundi chetu kilinyamaza pale. Kisha mzee wetu wa mtori akauliza, "Na aliyejua neno akalisahau kwa woga?" Kijana alicheka, akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Mmoja wetu hakushuka. Ni mama mzee wa kanisa, wa karibu miaka sabini, ambaye usharikani wote tunamwita Bibi. Alifika hadi kwenye tundu, akaangalia ngazi, akarudi kukaa kwenye benchi na mkoba wake magotini. Nilimfuata nikidhani ni miguu. "Bibi, nikushike mkono?"

"Hapana, Mchungaji. Mimi nimeshakaa shimoni mara moja. Inatosha. Nendeni, mtanisimulia."

Sikumdadisi. Kwetu Kagera mtu wa umri ule akisema hivyo unajua anazungumzia mwaka gani.

Wakati wa chakula nilimuuliza mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, adui aliyekuwa akikimbiwa ni nani hasa. Kijana wa pangoni alikuwa ametaja Wamaasai, na ni kweli walishuka na kupanda wakitafuta ng'ombe. Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Wamaasai, ndiyo, alisema, lakini usisahau majirani. Mlima ule ulikuwa na mangi wengi, kila mmoja na ukingo wake wa mlima, na karne ya kumi na tisa ilileta wafanyabiashara wa pwani waliotaka pembe za ndovu na watu. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walipigana vita ambavyo vinasimuliwa hadi leo. Rebmann, Mkristo wa kwanza kutoka Ulaya kuandika juu ya theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alikuta nchi ya mangi wanaoviziana. Kwa hiyo wakati mwingine aliyekuja usiku alizungumza lugha uliyozungumza wewe na aliwahi kunywa mbege kwako. Ndiyo maana, mwalimu alisema, udongo ulifichwa. Mmaasai kutoka tambarare asingeujua udongo mpya kuutofautisha na wa jana. Jirani angeujua.

Maelezo haya yalinikaa kuliko pango lenyewe.

Baadaye vita vya mangi vilizimwa na Wajerumani, nao hawakuvizima kwa upole. Mangi Meli wa Moshi walimnyonga Machi 1900. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wameshafika Machame mwaka 1893. Watu waliacha kushuka mashimoni. Mapango yakabaki ya popo na ya watoto wanaojificha kazi, mpaka mtu alipogundua kwamba wageni wanaopanda mlima wangelipa kiingilio.

Kuchimba kwa kuogopa hakukuwa kwa mlima ule tu. Huko Mustang, kaskazini mwa Nepal, kwenye magenge yaliyo juu ya mto Kali Gandaki, kuna maelfu ya mapango yaliyochongwa na watu, mengine juu sana kiasi kwamba leo hakuna njia ya kuyafikia bila kamba. Ya kale zaidi yaliwekwa wafu. Baadaye watu wazima na watoto wao wakahamia humo, inaaminika ni kwa kukimbia vita. Kisha miaka ikatulia, wakashuka kujenga vijiji, mapango wakawaachia watawa na maghala. Huko Kapadokia, nchini Uturuki, Derinkuyu ni mji mzima chini ya ardhi, wenye mawe ya mviringo kama ya kusagia ambayo waliomo waliyasukuma kuziba njia kutoka ndani. Wakristo wa Kapadokia, nchi ya akina Basili na Gregori tunaowasoma vyuoni, walijificha humo zama za vita vya Waarabu na Wabizanti. Ukiweka Nepal, Uturuki na Marangu pamoja unaona jambo moja: hakuna aliyechimba kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Mtu mmoja angekimbilia msituni. Shimo lenye chumba cha ng'ombe na tundu la moshi limechimbwa na mtu anayehesabu watu wake.

Nasema hivi kwa sababu sisi wahubiri tuna mazoea ya kuigombeza hofu. Neno "usiogope" tunalipiga kama kengele, na anayeogopa anarudi nyumbani akiwa na mizigo miwili: ile hofu, na aibu ya kuwa nayo. Hebu tusome Waamuzi sura ya 6. Wamidiani walikuwa wanakuja wakati wa mavuno, wengi kama nzige, wanakula kila kitu. Waisraeli wakafanya nini? Wakajitengenezea mashimo na mapango milimani. Mwandishi anaeleza tu, hawakemei kwa hilo. Anawakemea kwa sanamu za Baali. Kisha tunamkuta Gideoni anapura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, mahali pa ajabu kupuria ngano, ili Wamidiani wasimwone. Malaika anamkuta mafichoni na kumsalimu kama shujaa. Nimewahi kusikia mahubiri yanayosema malaika alikuwa anamkejeli. Sidhani. Mtu anayepura ngano kwa siri watoto wale, huku nchi nzima imekata tamaa ya kulima, mbinguni anaweza kuonekana shujaa kabla ya kushika tarumbeta.

Na sisi Walutheri tusijifanye hatujui kujificha. Luther mwenyewe, baada ya Worms, alitekwa kwa mpango wa mtawala wake Frederick na kufichwa katika ngome ya Wartburg kuanzia Mei 1521, amefuga ndevu, anaitwa jina jingine. Miezi kama kumi. Akiwa humo alitafsiri Agano Jipya katika Kijerumani kwa majuma machache. Tunapoimba ule wimbo wake wa Mungu ngome yetu, tukumbuke kwamba aliyeutunga alishaishi ndani ya ngome ya mawe, akajua jinsi ngazi zake zinavyopigwa na baridi. Machi 1522 alitoka, ingawa mtawala hakutaka atoke, kwa sababu kule Wittenberg usharika ulikuwa unaungua.

Sasa lile neno la baraza.

Mwezi Julai mwaka huo mama mmoja wa usharika wetu alikuja kwangu jioni na watoto wawili. Sitaeleza alivyokuwa usoni. Ilikuwa mara ya nne kwa mwaka ule, na mara hii mume alikuwa ametaja panga. Familia ya mume ilikwisha kaa kikao. Familia yake mwenyewe ilikwisha mrudisha na kuku wawili wa kuomba radhi, ambao yeye ndiye aliyewabeba. Alihitaji mahali pa kulala ambapo mume asingeweza kuingia kama anaingia kwake.

Nyuma ya ofisi ya usharika tuna chumba cha stoo. Humo tunaweka mahindi, mikungu ya ndizi na kahawa iliyotolewa sadaka ikisubiri mnada baada ya ibada ya Jumapili. Nilileta shauri kwa wazee kwamba chumba kile kisafishwe kiwe mahali pa kumpokea yeye, na wengine wa namna yake watakaokuja. Ningeweza kumfungulia siku ileile, lakini chumba cha usharika si mfuko wangu wa shati, na mlango ambao mchungaji anaufungua peke yake hufungwa siku anayohamishwa.

Baraza liligawanyika. Nitakuwa mwongo nikisema waliopinga walikuwa na mioyo migumu. Walisema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Walisema mume naye ni mshiriki, ameoza binti yake wa kwanza kanisani kwetu, na tukimficha mke tumeshatoa hukumu. Walisema chumba kina dirisha moja na mlango wa mbao laini, na mtu mwenye panga hatasoma tangazo la ukutani. Mzee wetu wa mtori, ambaye ana duka barabarani na anajua watu wote, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. "Mchungaji, waitu, tukimfungulia mmoja leo, kesho watakuja kumi. Na nyuma ya kumi wako waume kumi."

Niliwasomea kutoka Katekisimo Ndogo maelezo ya amri ya tano, ambayo tunawakaririsha vijana wa kipaimara kila mwaka. Humo Luther hakuishia kwenye kutomdhuru jirani; alidai pia tumsaidie katika mahitaji yake yote ya mwili. Niliwakumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mtu yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake, na kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa mambo hayohayo. Waliitikia kwa vichwa. Kikao kikaahirishwa hadi baada ya safari. Kwa muda huo mama alilala kwa mjane mmoja, kwa siri ambayo kijiji kizima kilikuwa nayo.

Kwa hiyo Marangu tulishuka pangoni tukiwa na mzigo huo, na mlinzi mwenye rungu alipotajwa, nadhani kila mzee alimwona mlangoni mtu anayemjua.

Tulikutana tena juma la kwanza la Septemba. Hoja zilikuwa zilezile, zimeongezewa nyingine: chumba hakina nafasi, mavuno ya kahawa bado yanaingia, magunia yatakwenda wapi. Hapo ndipo Bibi aliomba kusema. Huwa hasemi sana barazani. Ni mtunza vyombo vya Meza ya Bwana, na nimezoea kuona mikono yake kuliko kusikia sauti yake.

Alisema yeye si mzaliwa wa Kyerwa, jambo ambalo wengi wetu tulilijua juu juu. Aliolewa Missenyi, kaskazini ya mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978, askari wa Amin walipoingia, alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe. Mumewe na shemeji zake walilipanua usiku mmoja, wakaweka miti juu, wakafunika kwa majani ya migomba na udongo. Waliingia watu sita. Harufu ya ndizi mbivu, alisema, hadi leo akiisikia kwa ghafla anashika ukuta.

Usiku wa pili akaja mama jirani na mtoto mchanga mwenye kifaduro. Akainama juu ya tundu, akaita kwa kunong'ona. Shemeji mmoja akamjibu hakuna nafasi.

"Nafasi ilikuwepo," Bibi alisema. "Nilikuwa nimekaa nayo hapa ubavuni. Ningeweza kuipima kwa mkono. Tuliogopa kikohozi cha yule mtoto. Na siwezi kuwaambia tuliogopa bure, maana askari walipita barabarani usiku uleule, tukasikia viatu. Mimi sikusema kitu. Alisubiri kidogo, halafu akaenda. Sisi usiku wa tatu tukavuka mto kwa mtumbwi. Yeye hatukumwona tena. Labda alivuka mahali pengine. Labda yuko Muleba ana wajukuu. Miaka arobaini na minne namwekea wajukuu huko Muleba."

Hakuna aliyekohoa barazani.

"Basi," akasema, "nikisikia hakuna nafasi, mimi nauliza kwanza, amepima nani?"

Akakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno kutoka 1 Wafalme sura ya 18, juu ya Obadia, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya Ahabu na huku amewaficha manabii mia moja, hamsini hamsini pangoni, akawalisha mkate na maji. Ni habari ninayoipenda, kwa sababu Biblia haisemi neno juu ya mahubiri ya manabii wale. Inahesabu tu mkate na maji. Sikuisoma. Tulitoka wote pamoja, tukaenda nyuma ya ofisi na futi ya fundi, tukapima stoo. Magunia ya kahawa yalihamia chini ya jukwaa la kwaya, ambako kwaya imelalamika tangu siku ile na ina haki.

Masharti yaliwekwa, na yalikuwa mazuri. Mwenyekiti wa kijiji ajulishwe, afisa ustawi wa jamii wa wilaya ajulishwe, pasiwe na siri inayoweza kugeuka uchochoro wa masengenyo. Ufunguo ukae kwa mwanamke. Idara ya wanawake ilinunua godoro na ndoo mbili. Wanaume wa baraza wapokezane kulala ofisini, wawili wawili.

Mama yule na watoto wake walikaa siku ishirini na tatu. Usiku wa sita mume alikuja. Zamu ilikuwa ya mwinjilisti na mzee wetu wa mtori, ambaye alikuwa amesisitiza kwamba kwa kuwa yeye alisema waume watakuja, basi ni haki awepo watakapokuja. Alikuwa na tochi na fimbo ya kuchungia. Kwa simulizi lake mwenyewe, magoti yalimcheza. Alimuuliza mume jina lake, kana kwamba hawajauziana sukari miaka kumi na tano. Mume akalitaja. "Huyo simjui," mzee akasema. "Ninayemjua mimi huja mchana, na mikono yake haina kitu." Mwanamume alisimama barabarani, akatukana wazee, akanitukana mimi, akamtukana baba yangu ambaye ni marehemu, kisha akaenda zake. Siku ya tatu alirudi mchana. Mikono haikuwa na kitu. Tulizungumza naye kwa saa nyingi, siku hiyo na siku nyingine, na bado tunazungumza naye. Sitaki msomaji afikiri kwamba alianguka magotini. Kuna majuma anakuja ibadani na kuna majuma hatumwoni.

Mama hakurudi kwake. Alitoka akaenda kwa kaka yake upande wa Nkwenda, watoto wakahamishiwa shule ya huko. Suala la kibanja, ambacho nusu ya migomba yake aliipanda kwa mikono yake, liko kwenye baraza la ardhi na linakwenda kwa mwendo wa mambo ya ardhi. Wapo waliosema usharika umevunja ndoa. Familia mbili ziliacha kuja kwetu, moja imerudi.

Wapo waliokuja baada yake. Si kumi. Watatu kwa miaka hii, na mmoja hakuwa mke wa mtu bali bibi kizee aliyefukuzwa na wanawe kwa kuitwa mchawi. Huyo alikaa miezi miwili, akawa anatuchagulia maharage ya sherehe za usharika na kuimba tenzi za Kinyambo ambazo hatukuzijua, mpaka mpwa wake alipokuja kumchukua.

Mwaka huu baraza limeketi tena juu ya chumba kile, na safari hii mjadala ni wa matofali. Mzee wetu wa mtori ameleta mchoro alioupiga nyuma ya karatasi ya hesabu za duka. Anasema tulichosahau kujifunza Marangu ni ile njia ya kutokea mtoni. Chumba chetu kina mlango mmoja, na mwenye panga akisimama hapo aliyemo ameshanaswa. Anataka mlango wa pili ukutani nyuma, upande wa shule, wenye komeo la ndani. Fundi amesema yatahitajika matofali mia moja na arobaini, saruji mifuko mitatu, na fremu. Bibi ameuliza kama mlango huo utakuwa na urefu wa kumtosha mtu kutoka akiwa amesimama wima, na fundi amejibu kwamba utakuwa.